Njaa ya Majimaji: Safari ya Songea

Basi kutoka Njombe liliteremka kona za Lukumburu taratibu, mvua ya Februari ikipiga vioo. Kuanzia Madaba ni mahindi kila upande, mabichi, yameshiba maji. Nilikuwa nakwenda Songea kwenye kumbukumbu ya Februari 27, tarehe ambayo mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji dhidi ya ukoloni wao, Wajerumani waliwanyonga Wangoni zaidi ya 60, chifu wao Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, wakawafukia katika shimo moja.

Kaburi hilo liko kwenye Makumbusho ya Majimaji. Nduna (chifu msaidizi na kiongozi wa vita) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa baada yao na ana kaburi la peke yake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Mbano na kuahidi kusaidia kukitafuta. Nasema wazi: bila wazee walioisimulia habari hiyo kizazi hadi kizazi, asingekuwepo wa kuombwa msamaha.

Lakini kilichonishika ni njaa. Shuleni tulifundishwa dawa ya mganga Kinjekitile, ile ya kugeuza risasi kuwa maji, tukafundishwa risasi na kamba za kunyongea. Njaa ilipita kwa sentensi moja, na ndiyo iliyoua wengi kuliko bunduki; wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Haikuja kwa bahati mbaya. Afisa mmoja wa Kijerumani, Wangenheim, alimwandikia gavana wa koloni, von Götzen, kwamba njaa na dhiki tu ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Maghala yakachomwa, mashamba yakateketezwa. Waliokufa hivyo, wengi wao wanawake na watoto, hawana jiwe lenye majina.

Kwenye kivuli cha mti nilimwamkia babu mmoja aliyevaa koti la sufi, nikamuuliza kama kwao walizungumza habari za njaa ile.

"Sana, mjukuu wangu. Bibi yangu alikuwa haruhusu punje ianguke chini. Ukiangusha, unaokota mpaka ya mwisho. Alisema mama yake alichimba mizizi porini, akazika watoto wawili njiani."

Karibu yetu mwalimu alikuwa akiwapanga wanafunzi wake wapige picha. Nilimwendea, nikamwambia alichokuwa akisimulia yule mzee. Akaiacha picha, akawakalisha watoto kwenye majani, na babu akaanza upya.