Diari ya karatasi ofisini kwa mwalimu mkuu

Nilipokabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya serikali, nilipewa funguo, mihuri na mafaili. Ahadi za aliyenitangulia hazikuandikwa popote. Fundi wa madawati alikuja akisema angelipwa ruzuku ikiingia, mzazi naye akadai aliambiwa hivi, mwalimu akadai vile. Maagizo ya kata nayo yalikuja kwa WhatsApp: takwimu za watoro zifike kabla ya saa sita. Ukichelewa kidogo kusoma, agizo limeshafunikwa na salamu za pole na picha za harusi.

Nikachukua moja ya zile diari za bure ambazo benki hugawa Desemba, ambazo wengi wetu huziacha mezani kama pambo. Saa zake zilichapwa kizungu, 08:00, 09:00. Nilizikata kwa kalamu nikaandika saa 2, saa 3, maana kikao cha saa nane kinaweza kukukosesha heshima. Halafu nikajaza yasiyohama: mtihani wa darasa la saba Septemba, upimaji wa darasa la nne Oktoba. Kwenye Julai 1 nilibana klipu, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali huanzia hapo wakati diari imeshafika katikati.

Kila ukurasa niliugawa kwa mstari. Kushoto naandika yaliyotoka juu. Kulia naandika ninayoyataka mwenyewe: kukagua maandalio ya masomo, kukaa darasa la kwanza nisikilize watoto wakisoma. Wiki ambayo kushoto kumejaa na kulia ni kweupe, najua nimekuwa karani tu. Jambo likihamishwa wiki ya tatu mfululizo, nalikabidhi kwa mwalimu mkuu msaidizi au wa taaluma, na jina lake naliandika pembeni.

Lakini faida kubwa niliipata kwenye kurasa za nyuma, nilizozipa kichwa "Ahadi": nani, nini, lini. Naandika mhusika akiniona. Mzee wa kamati ya shule akizungumza nawe ukashika simu, atadhani unachati, hata kama unaandika maneno yake. Ukishika kalamu, anakaa vizuri. Kwenye kikao cha chakula cha wanafunzi, mzee mmoja aliahidi gunia la mahindi, kisha akainama kuchungulia.

"Mwalimu, hapo umeniandika?"

"Nimekuandika, mzee."

"Basi sogeza mbele kidogo, weka wiki ijayo."

Nikasogeza, na gunia likaja. Kikao kinachofuata huwa nafungua ukurasa ule na kusoma tu, bila kumgombeza mtu. Za kwangu nazisoma kwanza. Bila hivyo wangeniona askari.

Kuna nisiyoyaandika humo. Nidhamu ya mwalimu na siri ya mtoto hukaa kwenye faili lililofungiwa, kwani diari inalala mezani na wageni wana macho. Pia diari haina kengele, kwa hiyo kikao cha nje ya shule nakitegeshea simu.

Desemba nanakili kwa mkono ahadi zisizotimia kwenye diari mpya. Inachosha, na ndiyo maana naipenda: ahadi ambayo sioni sababu ya kuinakili tena, nampigia mhusika nimwambie haipo, kisha naifuta.