Simbi: volkano isiyo na mlima

Wageni wanaoyaona mawe ya Bismarck yamepandana majini pale Mwanza hupenda kuuliza ni volkano gani iliyoyarusha. Hakuna. Ile ni itale iliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kilichokuwa juu yake kikamomonyoka, nyufa zikaliwa na mvua, mawe yakabaki peupe. Anayetaka kuona kazi ya mlipuko kando ya ziwa letu hili la Victoria avuke mpaka wa Kenya pale Sirari, apite Migori na Rongo, ateremke Homa Bay hadi Kendu Bay. Nje kidogo ya mji ndipo lilipo ziwa dogo la Simbi.

Ukifika usitafute mlima. Mlipuko huu haukujenga, ulichimba. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipanda ikakutana na maji yaliyo ardhini, maji yakageuka mvuke ghafla, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yaliyouzaa. Ardhi haikuwa na nafasi hiyo, ikapasuka. Limebaki shimo lenye maji ya magadi, eneo la hekta 29 hivi, kina kama mita 23. Ziwa Victoria liko jirani kabisa na limejaa sangara na sato. Simbi huoni mtumbwi wala wavu.

Wajaluo wa pale husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bibi kizee alifika usiku watu wakiwa kwenye pombe, akafukuzwa. Mama mmoja tu ndiye aliyempokea na kumpa chakula. Mama huyo akaambiwa aondoke na watu wake, kisha mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama. Naipenda hadithi hii isimuliwe ukiwa umesimama ukingoni, maana shimo lenyewe linaonyesha kwamba hapa nchi kavu iliondoka kwa nguvu.

Mzunguko mzima hauzidi sana kilomita 2, karibu wote tambarare. Saa moja na nusu inatosha, pamoja na kusimama. Anza alfajiri, kwa sababu kivuli ni haba na kufikia saa nne mwanga juu ya maji unaumiza macho. Asubuhi kaa kwanza upande wa mashariki: jua linakuwa mgongoni, na heroe, ndege warefu wa waridi (flamingo), wanaonekana rangi yao halisi. Wale ni heroe wadogo. Waridi yao inatokana na mwani wanaouchuja kwa mdomo, kichwa kikiwa juu chini. Siku nyingine huwapo kwa maelfu, siku nyingine wachache tu, kwa kuwa huhamahama baina ya maziwa ya magadi kufuata chakula. Usimlipe mtu anayekuahidi idadi.

Kosa kubwa ni kuwasogelea. Wakiacha kula, wakainua shingo na kuanza kutembea wote upande mmoja, umeshapita kiasi; rudi nyuma taratibu. Wakiruka, wanapoteza nguvu na muda wa kula, nawe unabaki na picha ya mikia. Beba darubini.

Kosa la pili ni ufukweni. Utando mweupe wa magadi unaonekana mkavu na mgumu, kumbe chini yake ni tope laini, mguu unazama hadi kifundo. Fuata njia iliyokwishakanyagwa na mifugo, huko juu. Vaa viatu vilivyofunika mguu, visivyoteleza. Mchubuko ukiguswa na maji yale unawasha vibaya. Baadaye suuza viatu kwa maji ya kawaida, kwani magadi yakikauka yanaikakamaza ngozi ya kiatu. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, na usitegemee ya ziwani hata kwa kunawa uso. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, udongo hunata. Ongeza nusu saa.

Kwenye ukingo inama uangalie mawe. Kreta, yaani mashimo ya volkano, za namna hii hutupa nje vipande vya miamba ya zamani vikiwa vimechanganyika na majivu, kwa hiyo jiwe moja likiwa na vipande vya rangi tofauti ni la kutazamwa kwa makini. Liache hapo hapo. Simbi ni hifadhi.

Magharibi utauona Mlima Homa, mita 1,751. Huo nao ni volkano, ya ukoo wa Ol Doinyo Lengai, ile volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, yenye magma ya kaboneti (madini ya jamii ya chokaa na magadi) badala ya silika (madini ya mchanga) nyingi. Kuupanda ni kazi ya siku nyingine, tena na mwenyeji wa kukuongoza.