Gego la miaka 6 na kalafati ya baba mkwe

Nataka kuwaambia habari ya silanti, kitu anachowekewa mtoto kwenye magego yasitoboke, ila nianze na aibu yangu. Zulfa, mwanangu wa kwanza, aling'olewa gego akiwa na miaka 9, na mimi nimekaa pembeni nimemshika mkono namwambia usilie mama, litaota lingine. Dokta akashusha barakoa akaniangalia. "Mama Zulfa, hili haliotei lingine." Wala hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali maana ningepata wa kumkasirikia.

Mi nilikuwa najua mtoto akishang'oka yale ya mbele ndo ameanza meno ya ukubwani, huko nyuma bado bado. Na sikuwa peke yangu, nimewauliza majirani zangu hapa Magomeni ya Bagamoyo, nikauliza na mashoga zangu wa sokoni, wote jibu moja, jino la mtoto likitoboka liache litang'oka lenyewe. Kumbe kuna magego 4 ya kudumu yanayotoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, mawili juu mawili chini, yanatokea nyuma kabisa ya magego ya utoto, sehemu ambayo haikuwa na jino hata moja. Hakuna linalotikisika, hakuna damu, hakuna kurusha jino juu ya bati huku watoto wa jirani wanashangilia. Linachungulia tu huko gizani taratibu, na siku ukiliona unadhani ni mojawapo ya yale ya siku zote. La Zulfa niliwahi kuliona kwa macho yangu likiwa na kidoa cheusi katikati, nikasema ah, la utoto hilo. Miaka 2 baadaye shavu limevimba, mtoto halali, na mi silali.

Sasa mdogo wake, Nassoro, alipokaribia miaka 6 nikawa kama polisi. Kila Ijumaa akishaoga namkalisha mlangoni, ah ah ah fungua mdomo, namulika na tochi ya simu. Siku moja nikaona ufizi wa chini kushoto umepasuka, kona nyeupe imetokeza. Nikampeleka Dar mbio mbio, dokta anaangalia anasema bado mama, ufizi umelifunika nusu, mate yanaingia, tukiweka silanti sasa hivi itabanduka, rudi likishatoka uso wote. Basi nauli yangu ya kosta kwenda na kurudi Makumbusho ikaenda hivyo. Nilinuna mpaka Bunju.

Tulirudi baada ya miezi kama 3, safari hii na Zulfa maana shule zimefungwa. Ili uelewe kazi ya hiyo silanti, hapo ulipo pitisha ulimi juu ya gego lako la nyuma. Unasikia mabonde? Sasa yale mabonde chini yana vijifereji vyembamba kuliko unywele wa mswaki, yani hata ukisugua mpaka mkono uchoke, mswaki haufiki mle. Lakini ubuyu unafika. Ule ubuyu wa rangi wanaouziwa wanangu kila siku wakitoka shule, ulimi mwekundu mpaka usiku, sukari yake inakaa mle na unga unga wa biskuti na mkate, vijidudu vya mdomoni vinakula sukari hiyo vinatoa asidi, asidi inakula jino. Na gego likiwa jipya ganda lake la nje bado halijakomaa vizuri, ndo mana linatoboka upesi. Matobo mengi ya watoto yanaanzia mle mle kwenye mabonde ya magego, meno ya mbele yanasingiziwa tu kwa sababu ndo yanaonekana.

Silanti ni kama utando, unamwagwa kwenye yale mabonde ungali maji, ukigandishwa unakuwa mgumu na juu pa gego panakuwa laini laini, chakula hakipati pa kujificha. Hakuna sindano, hakuna kuchimba. Nassoro alikuwa amejiandaa kupiga kelele akakosa sababu.

Dokta alilisugua gego kwanza, akapachika pamba shavuni na chini ya ulimi, na kale kampira ka kufyonza mate kananguruma pembeni (Nassoro anasema kanakunywa mate yake kwa mrija). Halafu akapaka kitu cha bluu kama jeli, hiyo ni asidi nyepesi, inakaa sekunde kama 30 hivi, akaisafisha kwa maji akapuliza hewa mpaka pakavu. Akaniita. "Njoo uone mama." Juu ya gego pamekuwa peupe peupe kama chaki, pamefifia, hapang'ai tena. Akasema ule weupe ndo vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, silanti inaingia mle inashika kama mizizi, na tone moja tu la mate likigusa hapo inabidi tuanze upya. Basi mi nikawa hata kupumua napumua kwa adabu. Akadondosha silanti, akaivuta vuta kwa kijichuma chenye ncha mpaka imejaa bondeni, akamulika taa ya bluu sekunde chache, akagonga gonga. Jiwe. Mwisho akamng'atisha karatasi ya wino kuona kama amezidisha sehemu. Magego yote 4 hayakufika saa nzima.

Zulfa alikuwa amesimama kimya muda wote anaangalia, mkono shavuni, upande ule wenye pengo. Tulipotoka nje akauliza, "Mama, mi mbona hamkuniwekea?" Nikajifanya natafuta nauli kwenye pochi.

Na hiki kitu wala si cha jana. Mmarekani mmoja, Michael Buonocore, aligundua mwaka 1955 kwamba ukipaka asidi kwenye jino, plastiki inashika, na miaka ya 1960 ndo wakaanza kuitumia kuziba mabonde ya magego. Kilichonishangaza zaidi ni cha hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kutibu meno bila umeme wala ile mashine ya kelele, kwa vifaa vya mkono tu na saruji ya meno inaitwa glasi ionoma, dunia nzima sasa inaijua kwa jina la ART. Na ndani ya njia hiyo kuna kuziba mabonde vile vile, dokta anapaka saruji kisha anaibonyeza kwa kidole chenye mafuta ya mgando mpaka iingie. Haisumbuliwi sana na unyevu kama silanti ya taa, japo inawahi kulika, lakini inafaa hata kwa gego ambalo halijatoka vizuri, na hata shule isiyo na umeme inafanyika. Yani dunia imejifunza kwetu halafu mimi wa Bagamoyo nimekuja kusikia habari hizi mtoto wangu ana pengo. Kliniki nilizopita na wanangu wamepimwa uzito, wamechanjwa, nimesainiwa kadi mpaka imejaa, hakuna hata siku moja mtu aliyemwambia mtoto afungue mdomo.

Tena afadhali kutoambiwa kuliko kuambiwa uongo. Zulfa akiwa mchanga alipata homa na kuharisha, bibi mmoja akasema ana meno ya plastiki yang'olewe kwenye ufizi. Nashukuru mume wangu alikataa katakata. Hakuna meno ya plastiki, ni chipukizi za meno ya mtoto mwenyewe.

Sitaki kudanganya kwamba silanti ni kinga ya kila kitu. Wataalamu wa afya wa Marekani wanasema inazuia matobo 8 kati ya 10 kwenye magego kwa miaka 2 ya mwanzo, halafu kinga inapungua kadiri inavyolika. Katikati ya jino na jino haifiki, kwa hiyo mswaki mara 2 kwa siku uko pale pale, na dawa ya meno yenye floraidi, kwa wa umri wa Nassoro kiasi cha punje ya njegere, si ule mstari mrefu wa kwenye matangazo. Na ubuyu tumekubaliana ni Jumamosi tu. Tumekubaliana, sijasema anatekeleza.

Jioni tulimpitia baba mkwe. Huyu mzee ni fundi wa majahazi, kagonga mbao hapo ufukweni tangu ujana wake, na macho sasa yamepungua ila vidole bado vinaona. Nikamsalimia, nikamsimulia, akamwita Nassoro, akanawa mkono, akaingiza kidole cha shahada mpaka kwenye gego, anapapasa taratibu kama anavyopapasa maungio ya mbao.

"Wamelikalafati," akasema. Kalafati ndo ile pamba wanayozibia maungio ya mbao za jahazi maji yasiingie.

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akaniuliza walikausha kwanza? Nikamwambia walikausha baba, kwa pamba na upepo. Akatikisa kichwa kukubali, akasema na wao pamba ya kalafati na deheni, yale mafuta yenye chokaa wanayopaka chombo, haviwekwi kwenye mbao inayovuja maji, chombo kinapandishwa kwanza kikauke. Halafu akauliza lile swali ambalo mimi mwenyewe sikumuuliza dokta mpaka nilipokuwa mlangoni.

"Wanakagua tena lini?"

"Miezi 6 baba. Kama kuna ilipobanduka wanaongeza."

"Na huyu?" Akamnyooshea kidole Zulfa.

Zulfa ana miaka 11. Magego ya pili yanatoka kwenye miaka 12 hivi, nyuma ya pengo lake. Ijumaa sasa nawakalisha wawili mlangoni.