Kadi ilikuwa imelala

"Mjomba, shikamoo. Video zangu zinakwamakwama nikichanganya mbili kwa pamoja. Kaka wa dukani anasema kadi ya grafiki imezidiwa, ninunue kubwa zaidi."

Ujumbe wa sauti umeingia asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Mwishoni, kwa sauti ya chini kidogo, ametaja bei ya hiyo kadi, sehemu ya kompyuta inayoandaa picha za skrini. Mtoto wa dada huyu hajawahi kunisalimia bure.

Nimemwambia asinunue kitu kwanza. Si kwa ubahili, ingawa na ubahili umo. Maneno hayo ya "kadi imezidiwa" nimeshawahi kuyasikia, tena usiku, ndani ya ukumbi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, wageni wakiwa wamegeuza viti kunitazama mimi badala ya bibi harusi.

Ilikuwa 2019, sendofu ya binamu. Mimi DJ wa shughuli, nilikuwa nimetoka kwenye muziki mtupu nikaingia kwenye video, maana wateja walishaanza kuuliza "na skrini je?" kabla hata ya kuuliza bei. Laptopu yangu ilikuwa mtumba wa Kariakoo, lakini si ya kudharau: prosesa ya Intel i5, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 8GB, na kadi ya Nvidia, GeForce GTX 1050 yenye 4GB za kumbukumbu yake yenyewe. Nilikuwa naisifia kadi hiyo hata kwa watu wasiojua kadi ni kitu gani. Mchana tulijaribu kila kitu, video zikapita laini, tukaenda kuoga na kubadilisha nguo.

Tuliporudi, wapambaji walikuwa wameshapita. Meza yangu ilikuwa imevalishwa satini mpaka chini, mikunjo kwa mikunjo, na laptopu wameirudisha juu yake kwa heshima zote. Watu wa chakula nao walikuwa wamejipanga ukutani nyuma yangu. MC akaita kamati, akaita wajomba, akaita tena wajomba kwa sababu wa kwanza walikuwa hawajatoka kwenye bia. Hayo nayaruka.

Bibi harusi mtarajiwa anaingia. Mpango wetu ulikuwa aingie na wimbo wa kwanza, akifika katikati ya ukumbi mimi nihamie taratibu kwenye video ya salamu ambayo shoga zake walijirekodi kwa iPhone, wimbo uleule ukiendelea chini yake. Picha moja iyeyukie ndani ya nyingine. Juu yake lije jina lake kwa maandishi ya dhahabu. Binamu amefika kwenye alama, nikashika kitelezi, kile cha kuhamisha picha moja kwenda nyingine, nikaanza kusukuma.

Skrini ikaganda.

Nayaona mpaka leo. Mwimbaji amefungua mdomo, meno ya juu yote nje, mkono mmoja hewani. Na kwa kuwa kitelezi kilikuwa kimefika nusu, kwenye paji la uso wake limetokea jicho la shoga mmoja wa binamu, kubwa, lenye kope za bandia, linatazama pembeni. Wimbo unaendelea kama hakuna lililotokea. Picha ikaruka hatua moja: mdomo umefumba, jicho limehamia shavuni. Ikaganda tena. Ikaruka. Jina la dhahabu likaingia herufi tatu, likasimama. Binamu akageuka kutazama kilichowaduwaza watu. Wapambe wakadhani ndiyo mpango, nao wakageuka, wote kwa pamoja, vizuri kabisa kuliko walivyofanya kwenye mazoezi. Mpiga video akakimbilia pembeni kupata picha ya mgongo. Mimi kidole bado kiko kwenye kitelezi, nasukuma mbele, narudisha nyuma, kila ninachofanya kinaonekana kwenye ukuta baada ya muda wake.

"Jamani," MC akasema, "hata skrini imeduwaa kwa uzuri wa binti yetu!" Ukumbi ukaangua kicheko, vigelegele vikapigwa. Nikakata picha, nikaacha sauti peke yake. MC yule nikimkuta popote namnunulia soda.

Programu za kuchanganyia video zina tabia hiyo. Zikielemewa huiokoa sauti kwanza, picha ndiyo hutupwa. Video ya fremu (picha mojamoja) 30 kwa sekunde inaipa kompyuta kama milisekunde 33 kuandaa kila fremu: kuifungua kutoka kwenye mgandamizo wake, kuilaza juu ya mwenzake, kuweka maandishi, kuituma kwa projekta. Ukiwa na wimbo mmoja, mashine inapumua. Ukianza kuchanganya, inafungua faili mbili kwa wakati mmoja, na milisekunde ni zilezile 33. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga video jioni nzima bila tatizo, aumbuke kwenye mseto wa kwanza.

Aliyekuja mezani kwangu ni mzee wetu wa spika. Kabeba maspika tangu enzi za kaseti, na kompyuta anaziita "hizo". Hakutazama skrini kabisa. Alitia kiganja chini ya laptopu, akakitoa haraka.

"Mwanangu, hii ina homa."

"Mzee, ni kadi. Kadi imezidiwa." Hilo lilisemwa na kijana wa taa, si mimi, na alilisema kwa sauti ambayo meza ya mahari ilisikia.

Mzee akaikunja satini, akaivuta yote upande mmoja. Matundu ya chini ya kuvutia hewa yalikuwa yameziba kwa mikunjo ile. Akaokota vizibo vinne vya soda sakafuni, akavipanga chini ya pembe nne za laptopu. Feni ikabadilisha mlio palepale, ikaanza kutoa upepo wa moto ubavuni. Halafu akawasha tochi ya simu, akainama chini ya meza kufuata waya wa chaja, nami nikainama naye. Waya ukapita nyuma ya spika, ukapita chini ya zulia jekundu, ukafika kwenye ekstensheni, ukaishia sakafuni. Kwenye tundu langu kulikuwa na plagi ya kipasha chakula. Pilau ilikuwa inakula umeme wangu, na mimi nilikuwa naendesha shughuli kwa betri. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa na kadi ili chaji idumu, hata kama umelipia kadi ya nguvu kiasi gani.

Chakula kikaanza. Nikaweka muziki wa taratibu kutoka kwenye simu, nikafungua Meneja wa Kazi wa Windows (Task Manager). Mistari miwili ya grafiki: Intel iliyo ndani ya prosesa imejaa hadi juu, Nvidia iko sifuri. Sifuri kamili, mstari umelala chini. Laptopu za namna hii zina grafiki mbili, na tangu Nvidia walete teknolojia ya Optimus mwaka 2010 ni mfumo wenyewe unaoamua programu ipi inastahili kadi kubwa. Gemu huiamsha. Programu yangu ya video ilikuwa haiamshi. Siku zote zile nilizokuwa naisifia, kadi ilikuwa imelala, na kazi alikuwa anaifanya yule mdogo wa Intel ambaye hana hata kumbukumbu yake mwenyewe, anaazima kwenye RAM ya kompyuta. Nikaingia kwenye paneli ya Nvidia, nikaitafuta programu, nikaichagulia kadi kubwa. Mpango wa umeme nikauweka kwenye utendaji wa juu. Nikafunga programu na kuifungua upya, maana bila hivyo mabadiliko hayashiki.

Kisha lile faili la salamu za shoga za binamu. Nilipobofya kuona sifa zake, nilicheka peke yangu: 4K, fremu 60, mgandamizo wa HEVC ambao iPhone hutumia tangu 2017 ili kubana nafasi. Fremu moja ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Projekta ya ukumbi ilikuwa ya 1024 kwa 768, haifikishi hata laki nane. Yaani laptopu ilikuwa inatoka jasho kuandaa picha ambayo zaidi ya tisa ya kumi yake inatupwa njiani. Nikalitia kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, nikaliomba 720p (pikseli 1280 kwa 720), H.264 (mgandamizo mwepesi kufungua), fremu 30. Na laptopu yenyewe ilikuwa inapeleka 1920 kwa 1080 kwa projekta, nikaishusha ilingane. Wageni walipokuwa wanatafuta vijiti vya meno, faili lilikuwa tayari.

Baada ya chakula nikasukuma kitelezi kama mtu anayefungua mlango wa nyumba asiyoijua. Picha zikayeyukiana. Jina la dhahabu likaingia herufi zote. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu kitu kinachokwenda sawa hakionekani.

Sasa, lipi lilikuwa dawa? Satini, chaja, kadi iliyolala, au lile faili? Nimeshajiuliza sana. Siku nyingine nilijaribu nyumbani kuondoa moja moja: nikarudisha video kwa Intel, ikakwama kidogo lakini si kama Sinza, nikachomoa chaja, vivyo hivyo. Baadaye nikaongeza kijiti cha pili cha RAM ili viwili vifanye kazi pamoja, hata ile Intel ikachangamka. Kwa hiyo sina jibu la kukata. Huenda kila moja peke yake lilivumilika. Mzee wa spika nilipomweleza haya yote alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye hajaona lolote zaidi ya waya uliochomolewa.

Mtoto wa dada nimemwandikia hivyohivyo kwa urefu: atazame kwanza kadi ipi inafanya kazi, asafishe vumbi, aweke draiva mpya (programu inayoiendesha kadi), abadilishe video zake kuwa 720p kama skrini yake ni ndogo, na duka lipo tu halihami. Amejibu kwa kidole gumba.

Usiku ule tulipokuwa tunakunja vyombo, kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alikuja mezani, tai ameshailegeza. Alitaka kujua ile staili ya mwanzo niliifanyaje, ile ya picha kuganda bibi harusi akiingia na jicho kutokea usoni. Ameipenda mno. Harusi yake ni Desemba, anaitaka vilevile.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mzee alikuwa amechuchumaa anazungusha waya mkononi, wala hakuinua kichwa.

"Hiyo," akasema, "ina bei yake."