Kuuza amplifaya na spika zilizotumika bila kupunjwa

Volyumu ikikwaruza, mnunuzi hushusha bei papo hapo, ingawa mara nyingi ni uchafu tu. Chomoa umeme, fungua mfuniko, puliza spreyi ya kusafishia kontakti ndani ya kidude kilicho nyuma ya kitasa cha volyumu, zungusha kitasa mara 20 au 30, acha ikauke ndipo uwashe. WD-40 ya kawaida usiipulize humo. Huacha mafuta yanayonasa vumbi.

Kwenye spika, gusa ile ringi ya sponji inayozunguka koni. Joto na unyevu wa pwani huila. Ikimeguka kama biskuti iliyolowa, bandika mpya kwanza. Kisha pima ukinzani wa umeme kwa multimita: spika ya ohm 8 husoma karibu 6. Isiposoma chochote, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika.

Mashine iliyotoka Japani ina bandiko la 100V nyuma. Liseme kwenye tangazo, na iuze pamoja na transfoma ya kushusha umeme. Ikichomekwa kwenye 230V, fyuzi pekee ikifa ni bahati.

Bei ipange kwa zilizokwisha kuuzwa, si zinazotangazwa (kutangaza ni bure). Ongeza video ya sekunde 30 mashine ikipiga, chaneli zote mbili.