Nilivyomsindikiza kaka yangu kuacha sigara

Kaka yangu alivuta miaka 21. Mwezi wa Shaabani akaniambia, "Mdogo wangu, Ramadhani hii nikifunga, nafunga na sigara." Nilifurahi mno, na furaha yenyewe ikaniponza.

Watu walinishauri kwamba mvutaji habembelezwi, hutishwa. Basi nikawa namtumia picha za mapafu meusi kwenye simu, asubuhi na jioni. Akiingia namnusa shati, akilala napekua mifuko. Siku ya nne nikamkuta nyuma ya banda la kuku, kachuchumaa, anavuta harakaharaka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa na wewe nakukimbia." Neno lile lilinichoma. Mwenye kukupa ushauri wa namna hiyo, msikilize kisha mpite.

Nikaacha upelelezi, nikamuuliza sigara ipi inamshinda. Akajibu papo hapo: ya baada ya futari, pale barazani na kahawa. Mchana hana tabu. Nikamwambia, kaka, adhana ya magharibi ikilia umeshakaa masaa 12 na zaidi bila moshi. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ya moshi wa sigara, imeshapungua kwenye damu. Unairudisha ya nini?

Kuanzia hapo, akimaliza tende na uji, kabla ya kahawa, tunatoka wawili kutembea Raskazone, pale pwani ya Tanga. Hamu ikipanda haikai, dakika chache hushuka yenyewe, kwa hiyo tulikuwa tunaitembelea mpaka ipite. Kinywani karafuu. Mkononi tasbihi, maana vidole vyake vilihangaika kuliko mdomo. Siku tatu za mwanzo zilikuwa kali, hata mama alifokewa kwa sababu ya chumvi. Tulinyamaza.

Idi mosi akavuta moja na marafiki. Alikuja kuniambia mwenyewe, macho chini. Nikamwambia, "Siku zote zile ulizokaa bila kuvuta hazijafutika, kaka. Twende tukatembee." Tukaenda, na kanzu zetu za sikukuu.

Pesa ya pakiti, elfu tatu na kitu kwa siku, alikuwa anaitia kwenye kopo la maziwa. Idi Kubwa kopo likatoa mbuzi. Mama anapika, kaka kasimama uani, akaita: "Mama, leo iliki umezidisha!"

Mama akatua mwiko, akanitazama. Miaka yote ile kaka alikuwa hasikii harufu ya chakula hata akiinamia sahani.