Siku Moja Mbele ya Injini ya Mwaka 1812

Niliondoka stesheni ya Paddington, London, asubuhi na mapema, nikashuka Bedwyn, kituo kidogo cha kijijini. Kutoka hapo nilitembea kando ya mfereji wa Kennet na Avon, katika njia iliyokanyagwa zamani na farasi waliovuta mashua, hadi dohani ya matofali ilipochomoza juu ya miti. Siku hiyo niliichagua kwa makusudi, kwani kituo cha pampu cha Crofton huwashwa moto wa makaa siku chache tu katika mwaka, nami sikutaka kuikuta injini imelala.

Hapa ndipo mfereji unapokaribia sehemu yake ya juu kabisa, na kila mashua inayovuka malango ya maji, yanayoipandisha na kuishusha kati ya ngazi za mfereji, huteremsha maji ambayo lazima yarudishwe. Kwa hiyo kituo kilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, kiyapandishe maji yapata mita 12, kisha yatiririke yenyewe hadi kileleni. Ndani ya jengo zimo injini mbili za boriti, yaani injini za mvuke zinazoendesha pampu kwa boriti ndefu inayopanda na kushuka kama mizani: moja ya kampuni ya Boulton & Watt, ya mwaka 1812, na nyingine ya kampuni ya Harvey wa Hayle, ya mwaka 1846. Hiyo ya kwanza ndiyo kongwe zaidi duniani miongoni mwa injini za mvuke zilizobaki katika nyumba yao ya asili na zinazoweza bado kufanya kazi ileile zilizowekewa.

Nilitangulia kuisikia kabla ya kuiona. Haingurumi kama injini za siku hizi, hupumua. Mvuke huisukuma pistoni, kisha hupozwa katika chombo cha pembeni, ambacho James Watt alikipatia hataza mwaka 1769, ukageuka maji na kuacha ombwe linaloivuta pistoni hiyo. Juu kabisa, ghorofani, boriti nzito ya chuma cha kusubu huinama na kuinuka taratibu, na kila inapoinuka hubeba takriban tani moja ya maji. Nilisimama karibu nayo muda mrefu, sakafu ikitetemeka kidogo chini ya viatu vyangu.

Injini hii ilikaribia kupotea. Mwaka 1958 sehemu ya juu ya dohani, iliyokuwa imechakaa, iliondolewa. Dohani fupi haikuweza tena kuvuta hewa ya kutosha motoni, na kazi ikahamia kwenye pampu za umeme. Miaka kumi baadaye chama cha wapenzi wa mfereji kilikinunua kituo, na wanachama waliojitolea wakaifufua injini hadi ikazinduliwa upya mwaka 1970. Dohani yenyewe ilirudishiwa urefu wake katika miaka ya 1990.

Mzee mmoja aliyevaa ovaroli, mkononi akiwa na kopo la mafuta, alinieleza kwa subira jinsi mashine za namna hii zinavyorudishiwa uhai. Pistoni iliyoganda haipigwi nyundo, kwa maana chuma cha kusubu hupasuka ghafla. Hulowekwa mafuta kwa wiki kadhaa, ikisukumwa kidogo kidogo, mpaka kutu iachie. Beringi iliyolika humiminiwa upya madini meupe laini, kisha hukwanguliwa kwa mkono hadi ilingane na mhimili wake. Boila ndiyo inayoogopwa kuliko vyote: hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazini, kwa kuwa maji yakivuja hayaui, ilhali mvuke huua.

Nilimuuliza kama kuiendesha si kuila. Alikubali bila kusita kwamba kila mzunguko huondoa chembe ya chuma cha asili. Siku iliyotangulia nilikuwa katika makumbusho ya injini za mvuke ya Kew Bridge, London, ambako injini kubwa kama jitu, ya mwaka 1846, yenye silinda ya kipenyo cha inchi 90 imefufuliwa na watu wa kujitolea, na jirani yake, ya inchi 100, bado imesimama tu. Nilipoitazama ile iliyosimama nilistaajabia ukubwa wake, lakini sikuelewa ilivyofanya kazi. Hapa Crofton mtoto wa miaka kama saba alinionyesha kwa kidole valvu ipi ingefunguka kabla haijafunguka. Kwangu hilo lilitosha kuwa jibu, mradi kipande kipya kigongwe mwaka wake, na kile cha zamani kihifadhiwe badala ya kutupwa. Kinachonisumbua ni rangi: mashine nyingi za maonyesho hupakwa na kung'arishwa hadi alama za patasi za waliozitengeneza zikafutika, na hasara hiyo hairekebishiki.

Jioni waliacha kutia makaa. Boriti iliinama mara ya mwisho ikatulia, na nilipokuwa nikirudi kwenye njia ya mfereji, pampu ya umeme ilikuwa imekwisha kushika zamu.